Raundi ya pili mikono inaniishia nguvu, nifanyeje?

SWALI

Assalaam alaykum mwalimu, na shikamoo.

Mie ni kijana wa miaka 23, naishi Jang'ombe, Zanzibar. Asubuhi nafanya kazi ya uchukuzi wa mizigo bandarini Malindi, jioni naingia klabu kufanya mazoezi ya ngumi. Zamani nilikuwa mtu wa mpira, ila ngumi ziliporuhusiwa tena hapa kwetu nikaingia huko na sijatoka. Nimeshacheza mapambano kadhaa ya ridhaa, ya raundi tatu, na yote yanakwenda kwa mtindo mmoja. Raundi ya kwanza nampeleka mtu hadi kwenye kamba, watu wanapiga mayowe, naona kabisa huyu namaliza. Ikifika katikati ya raundi ya pili mikono inakuwa mizito, siioni kuwa yangu. Ngumi naiona inakuja, najua namna ya kuikwepa, lakini mwili hautii. Raundi ya tatu ni kukumbatia tu mpaka kengele ilie.

Kocha anasema ni uvivu, niongeze mazoezi. Basi nimeongeza. Kila siku baada ya sala ya alfajiri nakimbia mpaka Maisara na kurudi, kwa kasi, halafu naenda kazini. Jioni mfuko, kamba na pedi. Siku nne za wiki tuna sparingi, yaani kupigana wenyewe kwa wenyewe kwa mazoezi, na ninayepangiwa ananizidi uzito. Jumamosi na Jumapili nakimbia saa saba mchana nikiwa nimevaa koti la mvua, kwa sababu nina kilo 68 na pambano la mwezi ujao natakiwa nipime 63.5. Maji sinywi mazoezini, nimeambiwa yanalegeza mwili. Asubuhi nakunywa chai na maandazi, mchana urojo, usiku nakula wali kidogo nisije nikaongezeka. Rafiki yangu ameniletea vidonge vya kukojoza, anasema kilo mbili zinaondoka usiku mmoja, bado sijavimeza. Pamoja na yote hayo nachoka zaidi kuliko mwanzo, hata ngazi za nyumbani nazihisi.

Mama anataka niache, anasema wazee walizikataza ngumi wakijua sababu. Mie sitaki kuacha. Je, nitakuwa na maradhi, au mwili wangu haukuumbwa kwa mchezo huu? Jambo jengine dogo tu, siku za sparingi kichwa kinanigonga hadi asubuhi. Nameza dawa ya maumivu nalala.

Bondia wa Jang'ombe

JIBU

Waalaykum salaam. Marahaba mwanangu.

Naanza na lile ulilolitia mwisho ukaliita dogo. Kichwa kinachogonga tangu sparingi ya jioni hadi asubuhi si uchovu wa mazoezi. Uwezekano mkubwa ni kwamba ubongo umetikiswa, na ubongo uliotikiswa hauponi kwa kupigwa tena keshokutwa. Kuanzia leo usiingie kwenye sparingi. Nenda hospitali ya Mnazi Mmoja au kituo cha afya kilicho karibu nawe, na usimwambie daktari "kichwa kinaniuma" ukanyamaza, maana utapewa dawa ya maumivu urudi nyumbani. Mwambie unapigana ngumi, mara ngapi kwa wiki, na mtu wa uzito gani. Mwambie kama unahisi kichefuchefu, kama mwanga unakuudhi, kama siku hizi unasahau au unakasirika upesi. Na ukianza kutapika, ukiona vitu viwili viwili, ukishikwa na usingizi usio wa kawaida, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Watu wa nyumbani wakukimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Ngumi za ridhaa za kimataifa zina kanuni kwamba bondia aliyetolewa kwa kupigwa kichwani hapigani wala hafanyi sparingi kwa siku zisizopungua 30. Wewe hujaangushwa, lakini unapigwa mara nne kwa wiki na mtu mzito kuliko wewe, na kichwa chako kinakupa habari kila usiku. Nakuomba uisikilize. Tena uchovu wenyewe ni katika dalili za kichwa kilichopata pigo: mtu anakuwa mzito, usingizi haumtulii, ngazi za nyumbani zinamshinda. Huenda sehemu ya huko unakokuita mikono kuishiwa nguvu inatoka huko.

Na uchovu na kuumia kichwa vinakwenda pamoja. Bondia aliyechoka anashusha mikono, kichwa kinabaki wazi, na ngumi ambayo raundi ya kwanza angeikwepa inampata sawasawa. Mwaka 1982 bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alipigana na Ray Mancini huko Las Vegas, akaangushwa raundi ya 14, na siku chache baadaye akafariki. Baada ya msiba ule mapambano ya ubingwa wa dunia yakapunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12. Kwa hiyo unaponiuliza habari ya uchovu, mie silisikii kuwa swali la kushinda na kushindwa peke yake.

Sasa tuje kwenye mikono. Kwa ulivyosimulia, nadhani raundi ya pili unailipia deni la raundi ya kwanza. Misuli ina akiba yake ya papo hapo, na ukitupa ngumi kwa nguvu zote akiba hiyo haizidi sekunde kumi hivi. Ikisha, mwili unachoma sukari kwa haraka bila kusubiri hewa ya kutosha, na hapo ndipo mikono inapoanza kuwa mizito na mapaja kuwaka. Kinachombeba bondia dakika zote tisa ni pumzi: hewa inayoingia, moyo unaosukuma damu, misuli inayotumia hewa ile polepole. Wewe unaingia ulingoni na kumwaga kila kitu ndani ya dakika mbili. Dakika moja ya mapumziko haitoshi kurudisha ulichotumia.

Na hili linampata yeyote. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, George Foreman, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alikuwa na miaka 25, na alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton kila mmoja ndani ya raundi mbili. Muhammad Ali, mwenye miaka 32, akaegemea kamba, akajikunja nyuma ya mikono yake, akamwacha Foreman apige. Foreman akapiga kweli, raundi baada ya raundi, katika joto la Kongo. Raundi ya nane hakuwa na mikono tena, akaangushwa. Hakuna mtu duniani aliyesema Foreman alikuwa mvivu wa mazoezi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kurekebisha, daktari atakapokuruhusu, ni namna unavyotumia nguvu. Simama mbele ya mfuko na mwenzako asimame ubavuni mwako, karibu kiasi cha kukusikia. Kila ngumi inapotoka, pumzi fupi itoke nayo kwa sauti, "tss". Ukipiga tatu, pumzi fupi tatu. Vijana wengi wanapiga ngumi nne huku wamebana pumzi, halafu wanavuta kwa nguvu mwishoni, na wenyewe hawajui kama wanafanya hivyo. Mwenzako atakuona: mashavu yamejaa, mshipa wa shingo umesimama, uso umekaza. Akiona hivyo akuguse bega, usimame, uanze upya. Atazame na mabega. Mtu mwenye wasiwasi anayapandisha hadi karibu na masikio na ngumi ameikunja tangu kengele hadi kengele, kwa hiyo misuli yake inafanya kazi hata wakati hapigi. Ndani ya glovu vidole vilegee, vikazwe pale tu ngumi inapofika.

Halafu piga raundi tatu kwenye mfuko kwa nusu ya nguvu zako, mwenzako akihesabu ngumi za raundi ya kwanza na za raundi ya tatu. Lengo ni hesabu hizo mbili zikaribiane. Mwanzoni utaona aibu, utahisi unapiga polepole mno. Vumilia hivyo wiki mbili tatu. Utajikuta raundi ya tatu una ngumi, na za raundi ya kwanza hazikupungua makali, kwa sababu ngumi kali inatokana na mguu na kiuno, siyo kwa kukunja uso. Kumbuka pia kwamba ngumi iliyokosa inachosha kuliko iliyofika, maana unatumia nguvu kuitupa na nguvu nyengine kujizuia usiyumbe. Tumia mkono wa mbele kumpimia mwenzako umbali, tembea, mkono wa nguvu utoke pale unapouona upenyo. Kukumbatia kwa sekunde mbili ili uvute pumzi ni ufundi. Kukumbatia raundi nzima kutakuletea onyo la refa, na nadhani hilo unalijua.

Ile dakika moja ya kona nayo ina kazi yake. Ukishakaa, kinga ya meno itolewe, na kabla mtu yeyote hajasema neno uvute pumzi ndefu kwa pua, tumbo lijae, uitoe taratibu kwa mdomo, mara tatu au nne. Mikono ipumzike mapajani, usiishike kamba. Funda dogo la maji, kitambaa cha baridi shingoni. Baada ya hapo mtu mmoja tu akwambie jambo moja tu. Kwenye kona zetu wanasimama watu wanne wanapiga kelele kwa pamoja, bondia anageuza kichwa huku na huku, na dakika imekwisha hajavuta hata pumzi moja ya maana.

Hapa nataka umuelewe kocha wako. Zanzibar ngumi zilikatazwa tangu miaka ya 1960 na marufuku ile ikaondolewa 2022. Katika miongo yote hiyo hapakuwa na klabu ambamo mzee wa kona anamrithisha kijana yale asiyoandika mtu: lini bondia apumzishwe, lini taulo lirushwe, uso wa aliyechoka unafanana vipi na uso wa aliyeumia. Wengi wanaofundisha leo wamejifunza Bara, au kwa kutazama mapambano, au kwa kujaribu tu, na wanafundisha kwa mapenzi yao bila malipo. Nawaheshimu sana. Lakini kumwambia kila anayechoka kuwa ni mvivu ni kosa, na kosa hilo litatuumizia vijana.

Hebu ihesabu siku yako. Umeamka alfajiri ukakimbia kwa kasi. Umebeba magunia hadi mchana, na gunia mgongoni ni mazoezi ya miguu, mgongo na mikono, mwili haujui kama ulilipwa au hukulipwa. Jioni mfuko, kamba, pedi, sparingi. Siku mbili ambazo ungepumzika unakimbia juani. Mwili unapata nguvu wakati wa kupumzika, baada ya mazoezi, na wewe hukuuachia wakati huo. Ndiyo maana unaongeza na unazidi kurudi nyuma.

Daktari akisharidhika, nakushauri mbio za alfajiri ziwe siku tatu tu, na mbili kati ya hizo ziwe za polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza na mwenzako bila kukatika maneno, dakika 30 hadi 40. Vijana wanazidharau mbio hizi, lakini ndizo zinazojenga pumzi ya chini, ile inayokurudisha haraka ukikaa kwenye kigoda. Siku ya tatu kimbia kwa mtindo wa pambano: dakika tatu kwa kasi, dakika moja kutembea, mara nne, baadaye tano. Siku ambazo hukimbii, lala. Sparingi isizidi siku moja kwa wiki, na mtu wa uzito wako, kwa makubaliano ya kugusana tu, tena muache wiki ya pambano. Na siku moja nzima usifanye kitu, wala usiende kuwatazama wenzio ukashawishika.

Kuna kipimo kisichogharimu chochote. Asubuhi kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, uhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Fanya hivyo kwa wiki moja, utaijua hesabu yako ya kawaida. Siku ukikuta imezidi kwa mapigo manane au kumi, mwili haujapumzika au kuna homa inakuja. Siku hiyo punguza. Ikiendelea siku tatu nne, acha kabisa mpaka irudi.

Koti la mvua lirudishe kwa mwenyewe. Kukimbia saa saba mchana umefunikwa, bila maji, tena katika joto la kaskazi, kunaweza kumuua mtu mwenye afya kamili. Jasho lisipopata pa kukauka, joto linabaki mwilini, na kinachotoka ni maji, siyo mafuta. Mtu akipungukiwa maji ya asilimia mbili tu ya uzito wake, pumzi na wepesi wake vinaanza kushuka. Kwako hiyo ni kama kilo 1.4. Na kichwa chenye upungufu wa maji hakifai kabisa kupigwa ngumi. Kunywa maji kabla ya mazoezi, katikati, na baada. Ukipata mzani, jipime kabla na baada: kila kilo iliyopungua ni lita moja ya maji iliyotoka, na uirudishe kwa lita moja na nusu, kidogo kidogo. Dafu ni zuri lakini chumvi yake ni ndogo, kwa hiyo kula na kitu chenye chumvi, au changanya pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kwenye lita moja ya maji safi kama ilivyoandikwa. Mkojo wako uwe na rangi ya manjano hafifu. Ukiwa kama chai ya rangi baada ya mazoezi makali, na misuli inauma sana, nenda hospitali.

Vidonge vya kukojoza usivimeze. Vimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, na ukipimwa vinaonekana. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba vinaondoa maji pamoja na chumvi zinazouendesha moyo, na unapanda ulingoni na moyo usio na uhakika.

Sasa uzito. Kilo 68 kwenda 63.5 ndani ya wiki chache, kwa kijana anayebeba mizigo na asiye na mafuta ya kupunguza, ni kujikausha. Isitoshe, ngumi za ridhaa mnapimwa asubuhi ya siku ile ile ya pambano, hakuna muda wa kurudisha ulichokitoa. Upo uzito wa kilo 67. Pigana huko. Utakutana na watu wanaokuzidi kimo kidogo, lakini utakutana nao ukiwa na damu na maji mwilini.

Chakula chako kwa kazi unayofanya hakitoshi, na naamini njaa inachangia sana hiyo mikono mizito. Urojo ni mtamu, nami naupenda, lakini hauwezi kuwa chakula cha mchana cha mchukuzi. Asubuhi upate uji mzito au mihogo ya kuchemsha, na mayai mawili ukiweza. Mchana wali au ugali kwa maharage, mbaazi, au samaki. Dagaa ni rahisi na wana nguvu nyingi. Saa mbili kabla ya mazoezi, ndizi mbivu na tende chache. Usiku kula ushibe. Tia mboga za majani na ndimu au chungwa, na chai uisogeze mbele saa moja baada ya kula, kwa sababu inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu viache. Vinakupa mbio za moyo na kukuibia usingizi. Ramadhani fanya mazoezi mepesi baada ya futari au tarawehe, na usikubali pambano la kupunguza uzito mwezi huo.

Uliuliza kama una maradhi. Siwezi kukujibu kwa barua, na daktari naye hawezi kwa kukutazama tu. Ukiwa hospitali omba upimwe wingi wa damu, shinikizo la damu, sukari, malaria, na seli mundu kama hujawahi kupimwa. Damu pungufu ipo sana kwetu, na mwenye nayo anachoka kama unavyosimulia hata akifanya mazoezi ya bingwa. Ukiwahi kuhisi kifua kinabana, moyo unarukaruka, au umeanguka ukikimbia, au kama yupo wa ukoo wenu aliyefariki ghafla akiwa kijana, mwambie daktari hapo hapo. Majibu yakija safi, basi mwili wako umeumbwa vizuri tu, ulikuwa umelemewa.

Mama yako mwambie habari ya kichwa. Najua unaogopa itampa hoja ya kukukataza. Lakini ndiye anayelala chumba cha pili, na ndiye atakayejua usiku kama hali imebadilika. Nenda naye hospitali ikiwezekana, asikie maneno ya daktari kwa masikio yake.

Pambano la mwezi ujao liahirishwe. Kocha mwende naye pembeni, siyo mbele ya wenzio, umpe karatasi ya daktari mkononi, na umwambie unataka uzito wa kilo 67 na sparingi ya mara moja kwa wiki utakaporuhusiwa. Akiuliza nani kakufundisha, mwoneshe barua hii. Kama ataiheshimu karatasi ile, baki naye, mjifunze pamoja. Akikwambia uvae glovu uingie ulingoni kabla daktari hajakuruhusu, mshukuru kwa aliyokufundisha, chukua viatu vyako, utafute klabu nyengine.